Jaketi Kumi na Nne

"—na tatu! Kumi na tatu! Hapana, jamani, tulieni, nimekosea, naanza upya!"

Hakuwa amekosea. Ilikuwa mara ya tatu anaanza upya. Kidole cha Mwanaasha kilikuwa kinaruka kichwa hadi kichwa na kila mara kinagota palepale: kumi na tatu. Walipoondoka walikuwa watoto kumi na wanne. Majina yao yote alikuwa nayo kwenye karatasi, na karatasi iko mfukoni, imelowa imekuwa uji.

"Dada," aliita Papa Gaston kutoka kwenye usukani, "kuko nini?"

Mwanaasha alirudisha kidole kichwa cha kwanza. Ulimi ulikuwa umemganda. Mvua inapiga turubai la boti kama mtu anamwaga kokoto.

Sasa msikie ilivyokuwa, maana ukimwona Mwanaasha anavyokatiza mitaa ya Braamfontein na mkoba wake wa chuo, kicheko chake kinasikika mpaka ng'ambo ya robot, zile taa za barabarani, huwezi kudhani mtu kama huyo anaweza kukosa la kusema. Anasoma ualimu, mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu lazima upate mahali pa mazoezi. Wenzake walipata shule za Randburg, madarasa yana mazulia. Yeye akapata boti.

Ndiyo, boti! Kuna mradi mdogo kusini mwa jiji, nyuma ya vile vilima vya mchanga wa migodi. Wanawapakia watoto wa shule, wanawapitisha kwenye mfereji wa zamani wa wachimba dhahabu, somo linafanyika hukohuko majini. Wale watu wa dhahabu walihitaji maji ya mitambo ya kuponda mawe, basi wakachimba mfereji kwa sururu, wakajenga handaki la matofali kuupitisha chini ya reli, na ng'ambo ya handaki wakaweka lango la chuma la kuzuia maji. Boti linaondoka gatini bwawani, linaingia handakini, linatokea langoni. Watoto wanashuka, wanasoma, wanakula, wanarudi. Raha tupu.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya darasa la Kiswahili la mtaa wa Observatory: watoto wa Wakongo na Watanzania, wamezaliwa hukuhuku, Kiswahili wanakisikia vizuri tu ila ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza. Mwalimu wao, Maman Agnès, alikuja nao, na ndoo ya maandazi. Mwanaasha akawatangazia sheria ya siku: namba zote leo ni kwa Kiswahili, atakayesema namba kwa Kiingereza hapati andazi.

Pale langoni, ukutani juu ya ngazi za mawe zinazoshuka majini, kuna ubao mweupe wa kipimo wenye namba nyeusi za sentimita. Unaangalia maji yamefika namba gani, basi. Mwanaasha alimchagua binti mmoja, Chloé, miaka minane, nywele zimesukwa mistari myembamba na mama yake, Célestine, mwenye saluni Yeoville.

"Wewe ndo bosi wa maji," akamwambia. "Kaa hapa kwenye ngazi, usibanduke. Maji yakipanda, soma namba kwa sauti."

"Nisome nani?" Chloé akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Uwasomee watu wote. Piga kelele."

Chloé akapiga saluti kama polisi. Maji yalikuwa sitini. Mwanaasha akawapeleka wengine nyuma ya kibanda cha lango kuwaonyesha gurudumu la chuma, na huko stori zikanoga, watoto wakawa wanabembea kwenye gurudumu, yeye mwenyewe akabembea. Na Chloé akamtoka kichwani kabisa.

Radi ya kwanza ilipopiga, kila mtu aliruka. Wingu lilikuwa limeshafika juu yao, jeusi tii, saa tisa mchana imekuwa kama magharibi. Papa Gaston akapiga honi. "Tunaenda! Tunaenda! Hii mvua haina mchezo!" Watoto mbio, wanapiga mayowe, wananyakua jaketi zao za kuelea walizozivua waliposhuka, wanajifunika nazo kichwani badala ya kuzivaa, wanajikunyata kwenye mabenchi, hakuna anayetazama kule kwenye ngazi.

Na hapa ndipo penye kosa.

Mradi una utaratibu: kabla kamba haijafunguliwa, unamgusa kila mtoto kichwani na unahesabu kwa sauti. Mwanaasha hakuwahi kuufuata hata siku moja. Bibi yake aliyemlea Tanga hakuruhusu watoto wahesabiwe. Ukiwahesabu, alisema, unamwonyesha mwenye kijicho pa kupunguzia. Jioni bibi alihesabu kandambili mlangoni, wakati wa chai alihesabu vikombe, vichwa, katu. Chuo kimemfundisha Mwanaasha mambo mengi, lakini hilo hakikuliondoa. Basi yeye akawa anahesabu jaketi. Kila mtoto jaketi moja ya rangi ya chungwa, jaketi kumi na nne, wote wapo. Jumamosi tano mfululizo mambo yalikwenda sawa.

"Batoto beko bangapi?" Papa Gaston aliuliza.

Mwanaasha akatupa macho kwenye ile rangi ya chungwa. Kumi na nne. "Wote wapo! Twende!"

Walipofika gatini upande wa bwawa ndipo aliposhika jaketi ya mwisho, benchi la nyuma, akidhani anamwamsha mtoto aliyejikunja. Chini yake hapakuwa na mtoto. Palikuwa na ndoo ya maandazi. Mtoto mmoja mwenye huruma na maandazi alikuwa ameokota jaketi iliyobaki, akayafunika yasilowe. Hapo ndipo Mwanaasha alipohesabu vichwa kwa mara ya kwanza, akarudia na kurudia, kumi na tatu.

"Nani hayupo?" Sauti ya Mwanaasha ilitoka nyembamba kama ya mbu. "Nani? Semeni!"

Watoto wakatazamana. "Chloé," mmoja akasema. Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, "Si ulimwambia asibanduke?"

Maman Agnès alijishika kifua. "Yesu wangu. Mutoto wa Célestine."

Papa Gaston hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilimtisha Mwanaasha kuliko yote. Alitazama maji yanayotoka mdomoni mwa handaki, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba chupa na matawi. Alikulia Uvira, maji anayajua. "Kwa barabara haiwezekane," alisema. "Kuko uzio ya mugodi, geti iko na kufuli, mulinzi ndo iko na funguo. Maman Agnès, chukua batoto ku kibanda ya hapa gatini, piga simu ya mulinzi, piga tu, usiache. Mimi narudia mule."

"Nakuja na wewe."

"Dada, sikia. Maji ikifika mia na makumi mbili ku ile ubao, boti inagusa juu mu handaki. Haipite tena. Unaelewa?"

Alielewa. Alipanda.

Jamani, lile handaki! Saa moja kabla walilipita wakiimba, watoto wanajaribu mwangwi. Sasa lilikuwa linanguruma. Maji yalikuwa yanawasukuma nyuma, injini inalia, boti linakwenda hatua moja linarudi nusu. Papa Gaston alikuwa ameng'oa nguzo za turubai na kulitupa lote majini. Taa ya mbele ilimulika matofali mekundu yenye utelezi, na matofali yalikuwa karibu. Karibu mno. Mwanaasha aliinua mkono bila kuunyoosha, akayagusa.

"Chini! Lala chini!"

Alilala kwenye maji ya sakafuni, jaketi ya Chloé ameikumbatia. Alikuwa anamwona Célestine saluni kwake, kitana mdomoni, anamsuka mteja, anacheka, hajui. Aliona simu inaita kule saluni. Alijaribu kuomba dua ikamjia nusu, akarudia ileile nusu.

Ndipo wakasikia. Mbali, mbele gizani, kisauti.

"...ni na tano!"

"Nyamaza!" Papa Gaston alifoka, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

"Tisini na tano!"

Mwanaasha akaanza kulia kwa sauti. Yule mtoto alikuwa bado kazini! Maji yanampandia, mvua inamchapa, watu wamemkimbia, na yeye anasoma ubao kama alivyoambiwa, kwa Kiswahili.

"Chloé! Chloé, tunakuja!"

"Mia!"

"Toka kwenye ngazi! Panda juu, Chloé!"

"Siwezi! Mia na... mia na tano!"

Hakuweza kwa sababu ngazi za mawe zilikuwa zinaishia ukutani, na kutoka hapo unapanda kwa vyuma vilivyopachikwa ukutani kwenda kibandani, na chuma cha kwanza kiko usawa wa kichwa cha mtu mzima. Njia ya watoto kwenda nyuma ya kibanda ilipita ngazi ya chini. Ngazi ya chini ilishakuwa majini zamani.

"Mia na kumi!"

Injini ikakohoa. Papa Gaston akaitukana kwa lugha ya kwao. Ikakohoa tena, ikashika. Boti likagonga ukuta wa kushoto, likakwangua, likasogea. Kule mbele pakaanza kuwa na mwanga wa kijivu, duara dogo kama sahani.

Halafu kisauti kikanyamaza.

Mwanaasha alisubiri namba nyingine. Haikuja. Alihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, akafika ishirini, na haikuja. Taa ilimulika kitu cheusi kinachoelea kuelekea kwao, na alifumba macho kwa sababu hakutaka kukijua. Kilipita kando ya boti. Kilikuwa tairi.

"Chloé!"

Hakuna.

"Chloé, soma! Soma namba, mwanangu! Sema ngapi!"

Boti likachomoka handakini kama kizibo, na mvua ikawapiga usoni. Chloé alikuwa pale. Maji yalikuwa yamempita magoti, amekumbatia ubao wa kipimo kwa mikono miwili, shavu limebanwa kwenye namba, mdomo umefungwa kwa baridi. Macho tu ndiyo yaliyokuwa wazi, yamewakodolea.

Mwanaasha hakukumbuka aliruka vipi. Alikumbuka jiwe chini ya mguu na maji yanavuta sketi yake. Alimbandua mtoto kwenye ubao, kidole kimoja kimoja, akamnyanyua juu ya kichwa chake. "Shika chuma! Shika!" Vidole vya Chloé vilikuwa vigumu kama mbao. Vikateleza. Akamnyanyua tena, mikono inawaka moto, na mara hii vikashika, na kimguu kilichokuwa begani kwake kikasukuma, kikaondoka.

"Panda, usiangalie chini!"

Nyuma yake Papa Gaston aliachia usukani akaruka. Boti likageuka ubavu, likafyonzwa na handaki kinyumenyume, na walisikia pua yake ikigonga matofali, kishindo, halafu mbao zinavunjika, moja baada ya nyingine. Mwanaasha alitazama ubao alipokuwa anapanda. Mia na ishirini na tatu.

Ndani ya kibanda walikaa wamemweka mtoto katikati, radi zinapasuka nje, bati linacheza. Chloé alitetemeka muda mrefu. Kisha akamtazama Mwanaasha akauliza taratibu, "Nilikosea? Ndo maana mliondoka?"

Hapo Mwanaasha alitamani yale maji yamchukue yeye.

"Hukukosea hata moja. Hata moja, mama."

Mlinzi alikuja na funguo baada ya nusu saa, akawapakia kwenye gari lake. Njiani Papa Gaston aliinama, akanong'ona. "Dada. Tutasema mutoto alijificha. Batoto banajifichaka. Hakuna mutu atauliza. Wewe uko kijana, masomo yako itaharibika bure."

Mwanaasha alitazama nywele za Chloé, ile mistari iliyosukwa vizuri, imejaa matope. Na tusidanganyane, alilifikiria lile neno. Alilifikiria robot mbili nzima.

Gatini Célestine alikuwa ameshafika, Maman Agnès alimpigia simu, amesimama mvuani na aproni yake ya saluni, na hakuna aliyethubutu kumpa mwavuli. Alimchukua mtoto. Akamshika uso, masikio, viganja, magoti, akamgeuza, akamgeuza tena. Akamfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, miaka minane yote ile, miguu inaning'inia. Kisha akainua macho.

"Nani alimuacha mutoto wangu?"

"Mama Célestine," Papa Gaston alianza, "unajua batoto ba siku hizi, alijifi—"

"Hakujificha," Mwanaasha alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Mimi nilimwambia akae pale. Nikamsahau. Nikasema wote wapo."

Célestine alimsogelea mpaka pumzi zao zikakutana. Hakuwa anapiga kelele. "Hamuhesabuke? Unapeleka batoto ku maji, hauhesabu?"

"Nilihesabu, ila si wao. Nilihesabu—"

"Nyamaza!" Mkono wa Célestine ulipanda, ukabaki hewani. Chloé mgongoni alikuwa ameshalala. Mkono ukashuka, ukamshika mtoto mguu. "Leo usiongeze hata neno moja. Leo nikisikia yote, nitakufanya kitu, na mimi niko na mutoto wa kulea. Kesho, tukitoka ku misa. Papa yake atakuwa pale. Utakuja ku saluni, utakaa ku kiti, utatuambia yote, na usiruke kitu."

Mwanaasha alifuta mvua usoni.

"Nitakuja, Mama Chloé. Wallahi kesho nakuja, na hayo yaliyobaki nitawaambia yote."