Ngozi ya Jeska na Maji ya Bukirasazi

Kwenye kilima chao huko Giteranyi, mkoani Muyinga, hapakuwa na mtu msafi kama Vumilia, na kama alikuwepo, basi hakupewa nafasi ya kusema. Vumilia alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko alikuwa mhamasishaji wa usafi kwa miaka minne. Alipewa fulana ya njano, kofia na kipaza sauti cha betri, akawa anapita nyumba kwa nyumba akiwaimbisha watoto kunawa mikono. Siku ya kurudi Burundi kipaza sauti kilibaki na wenyewe, lakini ile sauti alivuka nayo pale mpakani Kobero bila kuilipia ushuru. Mwaka wa tatu sasa majirani walikuwa wakiisikia kila asubuhi: nawa, sugua, funika, choma takataka!

Sasa ifikirie aibu yake siku mwanawe wa pekee, Jeska, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, alipoota vipele.

Vilianzia shingoni, vikashuka kwapani, vikazunguka kiuno pale chupi inapobana, vikajificha nyuma ya magoti. Ngozi ikawa nyekundu na kavu, na mtoto akawa anajikuna huku analia, kisha anacheka, kisha anajikuna tena. Majirani hawakumwacha mwenye fulana ya njano hivihivi.

"Kinyozi hajinyoi," alisema mzee Nazario akipita na jembe lake begani, na akarudia kesho yake kwa kuogopa kwamba hakusikika.

Klara wa nyumba ya pili alileta majivu. Mwingine alileta samli ya ng'ombe iliyonuka mpaka kuku wakahama kivuli. Mwingine alisema kosa ni la baba, kwa kuwa Kasiano alikuwa pagazi pale mpakani, na mtu anayebeba magunia ya dagaa kutwa nzima atamkumbatia mtoto na nini kama si dagaa? Kasiano akaacha kumkumbatia mwanawe kwa siku mbili, akaonekana anazunguka ua na mikono mitupu kama mtu aliyepoteza kitu, mpaka Vumilia akamhurumia.

Hatimaye walikwenda zahanati. Muuguzi aliitwa Leonardi, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Unamwogesha mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne," Vumilia alijibu kwa fahari. "Akikaa chini, mara tano."

"Unamsugua na nini?"

"Na dodoki."

Leonardi aliweka kalamu mezani. "Mama Jeska, huyu ni mtoto au ni sufuria?"

Akamweleza taratibu. Ngozi ya huyu mtoto ni nyepesi, haitaki vita. Aogeshwe mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, kwa mkono mtupu, na sabuni isiyo na manukato, tena kidogo na pale penye uchafu tu. Akaushwe kwa kugusagusa bila kufikicha, na kabla hajakauka vizuri apakwe mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Anayempaka anawe mikono kwanza. Kucha za mtoto zikatwe fupi, kwa sababu kidonda kikichimbwa kinakaribisha wadudu. Majivu hapana. Samli ile hapana kabisa. Na kama ngozi ingeanza kutoa maji, au mtoto apate homa, warudi mbio.

Vumilia alishika yote, maana ukimwamrisha kwa jina la usafi huyo ni askari. Ila kichwani mwake alifanya hesabu yake ya pembeni. Ikiwa sabuni ya mwilini inapunguzwa, na uchafu bado upo, basi iende wapi? Sabuni yote aliyoinyima ngozi akaihamishia kwenye nguo. Alizifua nguo za Jeska kwa mche mzima, akazianika zikiwa nyeupe, ngumu, zinanukia mpaka barabarani, akaziangalia kwa mapenzi.

Vipele vya mikononi vikapoa. Vya shingoni, kwapani na kiunoni vikashamiri.

Katikati ya hayo simu ikalia kutoka Bukirasazi, mkoani Gitega. Alikuwa mama yake Kasiano, Efrazia. Kwao ni desturi, mtoto akiachishwa ziwa anaweza kupelekwa kwa bibi akakae, na Jeska alikuwa ameachishwa mwezi mzima. Efrazia alikuwa amezihesabu siku. Kiswahili chake alikiokota soko la Gitega alikouza mawese ujanani, na alikitumia kwa sauti ile ile ya kuita wateja.

"Mumulete, nimuone! We Kasiano, usinidanganye tena na habari ya mvua!"

Vumilia aliogopa, tusifiche. Hakuogopa kumtembelea mkwe, ila alijua safari za namna hii: mtoto anaenda wiki moja, anarudi ana meno yote. Na Kasiano hakuwa mtu wa kumnyima mama yake kitu. Vita vilipowatawanya, Kasiano alikuwa na miaka saba. Alivuka mpaka akiwa mgongoni kwa baba yake mdogo, na mama akabaki upande huu. Walionana tena Kasiano akiwa na ndevu. Mama aliyeibiwa mtoto namna ile akiomba mjukuu, utamjibu nini?

Basi wakaenda. Baiskeli mpaka Muyinga mjini, wakaiacha kwa rafiki yao Aboubakar, fundi cherehani, wakapanda Probox, teksi ya kwenda Gitega. Walipofika Karusi, Jeska alitapikia gauni lake. Vumilia akanyoosha mkono kuchukua begi la nguo, mkono ukarudi mtupu. Begi lilikuwa bado limefungwa kwenye keria ya baiskeli.

"Nguo saba!" alilia Vumilia. "Nimezifua siku mbili!"

"Baiskeli itakuwa safi sana," alisema Kasiano, akajuta papo hapo.

Jeska aliingia Bukirasazi akiwa uchi ndani ya kitenge cha mama yake, anacheka. Efrazia alimpokea, akamzungusha, akamgeuza, akaona shingo.

"Yoo, Mungu wangu! Muyinga inamufanya nini huyu mutoto?"

Hakungoja jibu. Alimvika vishati vikuukuu vya binamu zake, vilivyofuliwa mpaka vikawa laini, akamfunga kitenge cha zamani kiunoni. Alimkataza mkazamwana asiguse hata ndoo. Aliyetoka mbali apumzike. Vumilia alimfundisha mkwe maagizo ya Leonardi, maji ya uvuguvugu, mafuta ya mgando, kunawa kwanza, na Efrazia akayafuata kwa nidhamu ya mtu anayetafuta kushinda.

Siku ya pili mtoto alilala mchana bila kujikuna. Siku ya tatu wekundu ukafifia. Siku ya nne Efrazia aliingia uani akipiga vigelegele, mtoto juu ya kichwa chake, shingo safi, kiuno safi, magoti safi! Vumilia alimshika mwanawe akamkagua kila mkunjo, akacheka, akalia, akamrusha juu, akamkagua tena. Furaha ilimjaa hata akasahau kuogopa, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

"Bon," alisema Efrazia, akikaa. "Mumeona wenyewe. Kule inawaka, hapa inapona. Hii ngozi inajua kwao ni wapi. Donc, basi mutoto anabaki na mi."

Vumilia aliweka kikombe chini. Alimtazama mumewe. Mumewe aliitazama sufuria.

"Kasiano, sema kitu."

"Labda mpaka ngozi ikomae kidogo," alisema Kasiano, kwa sauti ndogo sana kwa mwanaume anayebeba gunia la kilo mia.

Jioni hiyo Vumilia hakula. Angepinga na nini? Ushahidi ulikuwa unakimbia uani, una afya, unafukuza bata. Mama gani atamrudisha mwanawe kwenye vipele kwa sababu tu yeye anampenda?

Jumamosi begi liliwasili. Aboubakar alikuwa amelituma kwa dereva, na ndani nguo saba zilikuwa zimekunjwa vizuri, zinanukia. Vumilia aliliona gauni jeupe la maua na moyo ukamuuma. Kama mtoto anabaki, angalau watu wa huku wamwone siku moja alivyokuwa anatunzwa. Jumapili akamvika, wakaenda kanisani. Kila mtu alimsifu. Efrazia alimtembeza kama mwenye kombe.

Misa haijaisha, Jeska akaanza kujikuna shingo. Walipofika nyumbani alikuwa mwekundu kwapani na anapiga kelele.

Efrazia alisimama katikati ya ua. Vumilia naye. Walitazamana, na kila mmoja akaona mwenzake anafikiri jambo lile lile.

"Hapa si Muyinga," alisema Vumilia taratibu.

"Hapa iko Gitega kabisa," alikubali Efrazia, na ilimuuma kukubali. Alimvua mtoto gauni, akalinusa, akalikunja kidogo, likabaki limesimama jinsi alivyolikunja. "Hii nguo iko na nini ndani?"

"Haina kitu. Ni safi."

"Twende kwa maji. Lete na begi."

Chini ya kilima kulikuwa na chemchemi iliyojengewa, maji yanatoka kwenye mpira usio na koki, usiku na mchana, yanajimwagia tu. Efrazia aliteka beseni moja, akalitumbukiza gauni, akalikamua. Povu likapanda mpaka kwenye kiwiko.

"Mi sijatia sabuni!" alipiga ukelele. "We umeona, Kasiano? Sabuni iko kwa nyumba!"

Akamwaga. Beseni la pili, povu. La tatu, povu. Wanawake waliokuja kuteka maji walisogea. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. La nne, povu, kelele! La tano, povu dogo, makofi! La sita maji yakabaki maji, na umati ukashangilia kama timu imefunga bao.

"We unasuuza mara ngapi?" aliuliza Efrazia, akihema.

"Mara moja," alisema Vumilia. "Kwani watu husuuza mara ngapi?"

Umati uliangua kicheko. Vumilia naye akaanza kucheka, kisha akasikia joto la aibu linapanda, akaona bora aseme yote.

"Kambini bomba lilifunguliwa kwa muda wa saa mbili kwa siku. Madumu mawili kwa watu sita. Ukisuuza mara ya pili umekunywa maji ya mwenzako. Mama yangu alituambia povu linalobaki linaendelea kufanya kazi." Aliangalia nguo sita zilizobaki begini. "Hata huku nikiteka maji, mkono wenyewe unajizuia. Nimefundisha usafi kambi nzima, Mama, na sijawahi kusuuza nguo mara mbili."

Kicheko kilikatika. Efrazia alikuwa ameshika gauni bila kulikamua, maji yanamchuruzika miguuni.

"Saa mbili tu?" aliuliza. "Na Kasiano pia?"

"Wote."

Efrazia alipokea begi, akazimwaga nguo zote kwenye beseni, akampa Vumilia upande mmoja wa beseni na yeye akashika mwingine. Walisuuza, wakamwaga. Wakasuuza, wakamwaga. Mara ya kwanza Vumilia alipomwaga beseni zima la maji yanayofaa kunywa, alifumba macho. Mara ya pili alifumbua. Mara ya tatu alimwagia mkwe miguuni kwa bahati mbaya, mara ya nne kwa makusudi, na Efrazia akamrudishia kifuani, na watoto wakaona hiyo ndiyo ruhusa waliyokuwa wanangoja. Ikawa vita ya maji kilima kizima. Jeska, uchi na ametapakaa mafuta ya mgando, alikaa kwenye beseni tupu akilipiga ngumi na kupayuka maneno anayoyajua peke yake.

Nguo zilipoanikwa juu ya majani zilikuwa laini, zinanukia maji tu. Efrazia alizipapasa moja moja, akachelewa kugeuka.

"Mutoto hana ugomvi na Muyinga, ana ugomvi na sabuni," alisema. "Aende na mama yake."

Vumilia alijua mkwe anaachilia nini. Akamshika mkwe mkono wenye maji. Efrazia alimwacha aushike kidogo, kisha akauchomoa, akamgeukia mwanawe aliyekuwa amesimama pembeni.

"Na we, vua shati."

"Mama, shati langu halina shida."

"Linafuliwa na nani? Si huyu wa mara moja? Vua!"

"Mama, watu wote hawa..."

"Kasiano!"

Pagazi wa Kobero, miaka thelathini kasoro, akavua shati mbele ya kilima kizima, akasimama kifua wazi, amejikunyata. Efrazia alilitumbukiza chini ya mpira. Povu halikutoka hata kidogo, maana shati lile alilifua Kasiano mwenyewe, kwa maji matupu. Efrazia aliona, na Vumilia aliona kwamba ameona. Bado alilisuuza mara ya pili, na ya tatu, na ya nne, polepole, akifikicha kola kwa vidole viwili namna inavyofikichwa kola ya mtoto wa shule wa miaka saba. Kasiano akaacha kujikunyata. Alichuchumaa kando ya mama yake, akangoja shati lake.