Guniya ya Fundi Nyoosha

Kweli tupu, haki ya Mungu, radi ipasue bati la karakana hii sasa hivi kama nimetia hata punje ya chumvi, guniya hii, kipimo changu cha kona, haijawahi kukosea tangu dunia iumbwe... ndivyo Fundi Nyoosha alivyokuwa akiapa, tena kwa sauti mpaka wanafunzi wa meza ya tatu wakageuka, na kiapo kilikuwa hakijamtoka chote mdomoni macho yaliposhuka kwenye ubao yakaiona ile mistari miwili, basi kikamkwama pale pale kama mfupa, na sasa amesimama, penseli hewani, karatasi ya mtihani mbele yake, na mwalimu wa ufundi, kijana wa miwani aliyemwalika kuja kusahihisha, anaita kutoka meza ya mbele bila kugeuka, "Fundi, huyo wa mwisho vipi, tiki au kosa?"... tiki au kosa, alama mbili tu, mwalimu alimwonyesha asubuhi kwa adabu bila kumuuliza kama anajua kusoma, na akiweka kosa huyu binti anatolewa darasa la ufundi, nafasi ni ishirini na wanaozitaka ni themanini, shule ya serikali hiyo, ukianguka mwenzako kishakaa, na yeye kosa alikuwa keshaliamua, keshaliamua kabisa, ameweka guniya kwenye kona ya fremu ya dirisha aliyoiunga binti, akainua juu, akaona mwanga unapenya, akacheka kile kicheko chake cha kuamsha mtaa mzima na wa pili yake, "Binti, hii fremu au mwanya wa meno? Hapa mende anapita na mkewe na mizigo yao!", darasa likaangua kicheko, lakini binti hakucheka wala hakulia, alijifuta vumbi la msumeno kwenye kope akasema, "Samahani mzee wangu, naomba niigeuze hiyo guniya," igeuze, guniya inageuzwa kama shati?, akampa, akampa kwa dharau na kile kiapo juu, na binti akachukua ubao wenye ukingo ulionyooka, akaegemeza mpini wa guniya, akapiga mstari, akaigeuza upande wa pili, akapiga mstari mwingine kuanzia nukta ile ile, taratibu, kama anamfunga mtoto vifungo... na mistari ilitakiwa ilaliane iwe mmoja, ndiyo kwanza fundi anajua leo kwamba ilitakiwa, na haikulaliana, chini imeanza pamoja kama ndugu, juu imeachana, punje ya mchele inapita katikati bila kugusa ukuta. "Muhula wa kwanza tuliambiwa kabla ya kupima mbao tupime kipimo," binti alisema, akashusha sauti, na hilo ndilo linalomchoma, si mistari, alishusha sauti ili mwalimu asisikie, yeye angepaza, yeye angeita mpaka mpishi wa shule aje na mwiko wake aone... muhula wa kwanza!... na asubuhi hii hii alisimama mlangoni, kifua mbele, akawatangazia, "Mimi shule sikuiona ndani, lakini madirisha ya shule zote za mji huu nimeyatengeneza mimi," mawili, alitengeneza mawili, la tatu lilikataa kuingia, "na ufundi wa chaki, wanangu, mvua ikinyesha unafutika, karakana ya kweli iko mtaani," wakampigia makofi, na akaamini makofi... lakini si aliuliza?, mbona aliuliza, alikuwa na miaka saba, au minane, anamshikia baba yake ubao, baba akisema guniya ndiyo inayosema, wewe nyamaza, naye akauliza, "Baba, na yenyewe inapimwa na nani?", kibao alichokula, alisikia nyuki sikioni wiki nzima, mwezi... siku mbili, zilikuwa siku mbili, na hakuuliza tena, baba hakuwa mbaya, masikini, baba hakuwa na jibu, na mtu asiye na jibu mkono unamtangulia, na huyu binti kauliza swali lile lile humu ndani, labda, na badala ya kibao akapewa ubao na penseli... "Fundi?"... nakuja, mwalimu, nakuja... na mlango wa jikoni, mkewe kila siku, "Baba wa Misumari, mlango wako unalima sakafu, nipande mahindi?", naye, "Sakafu ndiyo imevimba, mama, mlango mzima," akaupiga randa chini, ukakwaruza tena, akaupiga randa tena, mpaka panya sasa wanaingia wamesimama, na shemeji, kaka yake mkewe, yule mwashi, siku dirisha lilipokataa kukaa kwenye tundu la ukuta wake, shemeji akaning'iniza timazi yake, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta, "Nyoosha, shemeji yangu, ukuta wangu umesimama sawa, tazama kamba mwenyewe," naye hakutazama, mbele ya vibarua wote akamwita mwashi wa matope, miaka sita hawasalimiani, kwenye msiba wa bibi yake mkewe mmoja alikaa mlangoni, mwingine uani, wakapokezana chai kupitia kwa mtu wa tatu... miaka sita, subiri kwanza, na guniya ilianguka lini?, ile hadithi yake tamu, ilivyodondoka kutoka ghorofa ya saba isipate hata mkwaruzo, chuma cha zamani bwana, ghorofa ya saba, basi ya tatu, basi... ilikuwa ngazi, vipandio vinne, ikagonga jiwe, tii, akaipangusa kwenye suruali akaendelea na kazi, na wiki ile ile ndiyo aliyopima dirisha la shemeji. Kumbe. Fremu ya binti iko mbele yake, kona zake zimetulia kimya, haijitetei, ni yeye ndiye aliyeingiza ule mwanga, na mwalimu anaita mara ya tatu, "Fundi Nyoosha, tiki au kosa?", na penseli bado iko hewani, lakini mkono haujui tena njia ya kwenda kwenye kosa, tiki, binti, tiki ya kufika ukingoni mwa karatasi, ila kwanza anainama, yeye ambaye hajawahi kumwinamia fundi yeyote chini ya jua hili, na sauti inamtoka ndogo kuliko ile ya binti, "Mwanangu, igeuze tena, polepole, niuone mkono unavyokwenda... na nakuomba, hili lisitoke hapa mezani, usimwambie mtu, wenzako, mwalimu, hata mama yako nyumbani usimwambie... shemeji yangu nitamwambia mwenyewe."