Bakuli Juu ya Nguzo

Adabu ya huku kwetu ni kwamba bakuli la jirani halirudishwi tupu. Ukiletewa maharage ya kuokwa, bakuli linarudi na nyanya, au mayai, au angalau biskuti zilizoungua ambazo nyumbani kwako hazina mlaji. Ardith Crumley alilijua hilo tangu utotoni. Kwa hiyo siku alipoliosha bakuli la buluu la jirani yake Lowell Pruitt, lililomjia na maharage, akalikausha vizuri na kwenda kuliacha tupu juu ya nguzo ya geti la mwenye bakuli, alijua kabisa anachofanya. Alikuwa anatukana, na alitaka tusi lifike.

Chanzo kilikuwa nyasi. Ardith na mdogo wake Verlin walirithi kwa baba yao shamba la malisho kando ya barabara, na tangu enzi za baba lilioteshwa feskyu, nyasi iliyoletwa kutoka ng'ambo. Feskyu ni nzuri baridi inapoisha, lakini joto la Julai likishapamba moto, nyasi hiyo inazidi kuwachemsha ng'ombe mwilini. Kila kiangazi ng'ombe wa Crumley walishinda bwawani, maji yakiwafika tumboni, wakiwakodolea macho wapita njia kama watu waliokwenda kuoga wakasahau taulo. Malisho yapo, nao wanakonda.

Ardith alichoka kuwatazama. Akaamua kurudisha nyasi ya zamani, ile iliyolifunika jimbo letu la Missouri kabla ya plau kufika. Wenyewe tunaiita mguu wa bata mzinga, kwa sababu suke lake limegawanyika vidole vitatu. Ni nyasi ya joto hasa. Nyingine zikisinyaa, yenyewe ndiyo kwanza inanawiri. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni hujishughulisha na mizizi huko chini, na juu huoni kitu. Verlin alikuna kichwa, akasema haya, anampa dada yake mpaka kiangazi cha tatu. Ng'ombe wasipotoka bwawani wenyewe saa za jua kali kwenda kuila hiyo nyasi yake, analima shamba lote na kurudisha feskyu, na hataki kusikia neno.

Wakaiua feskyu, wakapanda mbegu mwezi wa Mei. Kufika Julai shamba lilikuwa limejaa magugu matupu. Watu kanisani walimuuliza Ardith kama magugu yake anayauza kwa kilo au kwa debe. Mchungaji aliposoma habari za magugu katikati ya ngano, kanisa zima liligeuka kumtazama, naye mchungaji akashindwa kuendelea kwa kicheko. Ardith alicheka nao. Lakini jioni alipiga magoti shambani, akayapanua magugu kwa mikono miwili kutafuta miche yake, na alipoiona, miembamba kama nywele na imepauka kwa kukosa jua, aliogopa.

Hapo ndipo Lowell alipoingia. Lowell ni jirani yake wa upande wa mashariki, mgane, mtu asiyependa maneno. Ukipishana naye barabarani anakusalimu kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na hayo ndiyo mazungumzo yenu ya wiki. Asubuhi moja Ardith alirudi kutoka kununua chumvi ya ng'ombe, akamkuta Lowell shambani mwake juu ya trekta, anavuta mashine ya kufyekea. Nusu ya shamba ilikuwa imeshalala chini. Ardith aliruka kutoka kwenye gari akaenda kusimama mbele ya trekta.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimeona magugu yamezidi."

"Ni magugu yangu, Lowell, na ndani yake mna nyasi yangu. Toka shambani kwangu."

Lowell aligusa kofia yake, akaondoka. Ardith alibaki kuikagua hasara. Hata kazi yenyewe ilimuudhi, maana majani yalikatwa juu juu, yamebaki yanamfika katikati ya muundi. Mtu anakuja kukuharibia shamba, na kuharibu kwenyewe anaharibu kwa uvivu. Jioni ile ile ndipo bakuli lilipopelekwa nguzoni.

Mwaka uliofuata, nusu iliyofyekwa ilianza kutoa mashina mazito ya nyasi. Nusu aliyoiokoa ilibaki magugu. Ardith alijiambia kwamba upande ule uko bondeni kidogo, unapata maji. Alijiambia hivyo kila alipopita, mpaka akaamini. Lowell aliendelea kumwinulia kidole barabarani, naye Ardith aliendelea kushika usukani kwa mikono yote miwili na kutazama mbele, utadhani anafanya mtihani wa udereva. Getini kwa Lowell hakugeuza shingo hata mara moja.

Kiangazi cha tatu kikaingia. Verlin alichagua mwenyewe siku ya kupima, na akachagua siku ambayo hata nzi walikuwa wamejificha. Ng'ombe walikuwa bwawani kama kawaida yao. Ardith alifungua geti la waya upande wenye nyasi, nyasi iliyompita kiuno, akarudi kusimama kivulini na mdogo wake.

Ng'ombe mzee, Maybelle, aliinua pua. Akatoka majini akichuruzika, akapanda ukingo polepole, akapita getini. Alilizungushia ulimi fungu la kwanza la nyasi, akaling'oa, akafumba macho. Wengine wakamfuata kwa kusukumana. Verlin alivua kofia, akakaa nayo mkononi.

"Umeshinda, dada," alisema. Kisha akaonyesha ng'ambo. "Ila kule kumekuwaje?"

Kati ya nyasi na magugu palikuwa na mstari mnyoofu kama wa rula. Maji ya bondeni hayachori mstari wa namna ile. Mstari ulipita pale pale Ardith aliposimama mbele ya trekta.

Ardith alipomweleza nani alifyeka, Verlin ndiye aliyemalizia. Kiangazi kile cha kwanza alikuwa kwenye duka la chakula cha mifugo akiapa mbele za watu kwamba magugu yakipita waya wa juu wa ua, hangojei kiangazi cha tatu wala cha ngapi, analeta plau wiki hiyo hiyo. Lowell alikuwepo, ananunua misumari. Siku chache baadaye Verlin alipita, akaona nusu ya shamba imesafishwa, akadhani dada yake amejirekebisha, akaiacha plau bandani.

Ardith alihisi uso wake ukiwaka, na halikuwa jua. Alikuwa ameshinda kwa mkono wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimfukuza. Alivua buti lake moja la mpira akampa Verlin.

"Nyasi ikiliwa mpaka kufika shingo ya hili buti, watoe. Hata wakilia."

"Si waimalize tu?"

"Wakiimaliza, mwakani utakuwa unalisha mchanga. Simama hapa upime."

Akaenda kuchukua gari akiwa na buti moja mguuni. Getini kwa Lowell, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, aligeuza shingo. Bakuli lilikuwa bado juu ya nguzo. Buluu yake imepauka, ndani mna maji ya mvua, majani makavu na mabaki ya kiota cha ndege. Ardith alilichukua, akageuza gari, akarudi nyumbani.

Jua lilipoanza kushuka alikuwa kwenye baraza ya Lowell, na bakuli limejaa pichi za kuokwa zilizofunikwa unga na siagi, bado zinafuka moshi. Lowell aliacha maharage aliyokuwa anayamenya.

"Kwa nini ulifyeka juu juu vile?" Ardith aliuliza. Mengine yote aliona aibu kuanza nayo.

"Kulikuwa na kware kaatamia. Nikainua kisu cha mashine."

Basi kisu kilipita juu ya kware, kikapita na juu ya miche, kikayakata magugu peke yake na jua likaingia.

"Ungeniambia."

"Uliniambia nitoke."

"Nilikosea, Lowell. Nilikosea sana." Akamsogezea bakuli. "Na hili? Miaka yote hii unapita hapo, hukuona hata haja ya kuliingiza ndani?"

Lowell alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa.

"Ningeliingizaje," alisema, "na wewe ulikuwa bado hujalirudisha?"

Akaingia ndani kutafuta vijiko, na alipotoka alikuwa na viwili.