Rangi Iliyofutwa

Hasira ni hasara, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwahi kushika zamu katika chumba cha kusimamia minara ya simu, tena chini ya mdogo wao wa kuzaliwa. Mama Zamu alikuwa ameshika, na hasira ilikuwa imempanda tangu asubuhi hadi ikamkaba kooni.

Kampuni yao ilinunua mitambo kwa watengenezaji wanne, na kila mtengenezaji alikuja na skrini yake na lugha yake. Alichokiita huyu hatari, yule alikiita angalizo. Mafundi wakageuza shingo huku na huku kama watazamaji wa mpira. Ndipo ulipoletwa mfumo wa pamoja: skrini moja ukuta mzima, mitambo yote, mipya na mikongwe, ikisema lugha moja kwa rangi nne. Kijani, mnara mzima. Njano, mgonjwa. Nyekundu, umekufa. Kijivu, haujibu, hali yake haijulikani.

Mama Zamu aliupenda mfumo huo. Aliyeuharibu ni Injinia, msimamizi wa mradi, ndugu yake wa tumbo moja. Redio za mtengenezaji mmoja zilikuwa nzito kujibu, na kila zilipochelewa ramani ilijaa madoa ya kijivu. "Wakubwa hawapendi kijivu," alisema Injinia, akaifuta rangi ile. Tangu hapo, mtambo usiojibu ulibaki na rangi yake ya mwisho. Mafundi wakaibandika skrini jina la Bwana Harusi, kwa kuwa hata ukimkanyaga mguu atatabasamu.

Sasa wiki ya pili ilikuwa inakwisha bila neno kutoka nyumbani, ambako mama yao mdogo, aliyemlea Injinia mgongoni mwake, alikuwa mgonjwa wa kitandani. Simu yake haikupatikana, wala ya mama yao mzazi aliyekuwa akimuuguza. Mama Zamu aliomba gari la mafundi, akanyimwa. Kanuni ilikuwa wazi: gari haliendi kwenye mnara wa kijani.

"Dada, mnara wa kwetu huo hapo, unang'aa kama jani la mgomba," alisema Injinia akijifunga tai. "Mama amezima simu. Amenuna kwa sababu sikwenda mwezi uliopita. Humjui mama yako?"

"Namjua. Mama akinuna hupiga simu ili ujue amenuna."

"Basi usiniaibishe leo. Wakurugenzi wanakuja kuupokea mfumo. Ukishatia sahihi yako ya mkuu wa zamu, zile skrini za zamani zilizofungiwa stoo tunawarudishia wenyewe."

"Rudisha kijivu, nami nitatia sahihi."

"Baada ya sherehe."

"Baada ya sherehe utakuwa bosi mkubwa. Nani atakugusa?"

Wakurugenzi walifika, wakapangwa mbele ya ukuta wa kijani. Injinia alizungumza kwa ufasaha, na vichwa vikatikisika. Katikati ya maneno yake mlango ulifunguliwa, na mlinzi wa getini akachungulia, kofia imempinda.

"Samahanini. Kuna mama mtu mzima hapa. Nimemwambia asubiri, amenisukuma."

Mama aliingia akiwa na vumbi hadi magotini. Mama Zamu aliinuka kumkimbilia, lakini jicho alilotupiwa lilimrudisha kitini.

"Shikamoo, mama," alisema Injinia, akicheka kicheko cha kuazima.

Mama hakuitikia. Aliutazama ukuta. "Kwetu ni wapi hapo?"

"Mama, tafadhali, nakuja sasa hivi..."

"Nimeuliza, kwetu ni wapi?"

Mkurugenzi mkuu alidhani ni sehemu ya sherehe. "Mwonyeshe mama, Injinia."

Akamwonyesha.

"Na kijani maana yake nini?"

"Mnara ni mzima, mama. Simu zinaingia na kutoka."

"Vizuri. Mpigie mama yako mdogo."

Injinia aliibonyeza simu mbele ya wote, akafungua spika. Sauti ya kike ikajibu kwa adabu kwamba namba hiyo haipatikani.

"Jaribu tena," alisema mkurugenzi, ambaye sasa hakuwa akitabasamu. Sauti ikarudia yale yale, kwa adabu ile ile.

"Hapatikani," mama alisema taratibu. "Tumemzika juzi. Alikuita wewe mpaka sauti ikamwisha. Nimepanda kilima na simu mkononi nikitafuta mtandao, hadi magoti yakagoma. Majirani wakaniuliza, wanao wako wapi? Nikawatetea! Nikasema, habari haijawafikia, watoto hawa hawana kosa. Kumbe wanangu ndio wenye minara!"

Mama Zamu alihisi kilio kikimpanda, kikakutana na hasira njiani, na hasira ikapita mbele. Alikwenda kwenye meza ya mfumo, akaanza kubonyeza.

"Dada, usi..."

"Kaa chini."

Akairudisha rangi iliyofutwa. Mnara wa kwao ulififia kwanza, kisha wa jirani, kisha bonde zima. Kijivu kikatambaa ukutani kama ukungu wa vyombo vilivyosahauliwa, na chini ya kila doa palikuwa na watu waliodhaniwa kuwa wamenuna.

"Tangu lini?" aliuliza mkurugenzi.

Mama Zamu aliisukuma kando karatasi ya kuupokea mfumo. "Hii nitaitia sahihi siku rangi hii ikiachwa mahali pake. Leo nataka magari."

Injinia alikuwa amepiga magoti, tai imelegea, machozi yakimtiririka. "Nisamehe, mama."

"Usinililie mimi. Nenda ukautengeneze mnara, kisha pitia kaburini umweleze mwenyewe kwamba alikuwa kijani."

Gari la kwanza liliondoka mchana ule. Injinia alikaa nyuma, amebanwa kati ya vyuma na mafundi. Mama alikaa mbele kando ya dereva, na hakugeuka hata mara moja. Mama Zamu aliwatazama dirishani hadi walipopinda kona. Hasira ilikuwa bado imemkaa kooni, na hakuitaka ishuke. Alirudi mezani, akachagua doa jingine la kijivu, akamwita dereva wa pili.