Raba Zilizozaliwa Siku Moja na Panzi

Nyumba yetu ina vyumba vitatu vya kulala. Cha kwanza ni changu na mke wangu. Cha pili hulala binti yetu, Panzi, pamoja na bibi yake, mama yangu mzazi, ambaye hukoroma. Cha tatu, ambacho ndicho pekee chenye kiyoyozi, ni cha raba zangu za mpira wa kikapu: jozi arobaini na moja, kila jozi kwenye boksi lake, kila boksi na namba yake, na ndani yake kipakiti cha kunyonya unyevu ninachokitoa kwenye makopo matupu ya vidonge kazini. Mimi ni mfamasia. Najua kutunza vitu.

Mke wangu huziita wake wenza. Huwaambia wageni kwamba mumewe ameoa wake arobaini na mmoja na hakuna hata mmoja anayeosha sahani. Wageni hucheka, nami huwaacha wacheke. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Sijawahi kucheza mpira wa kikapu. Shuleni nilijaribu, nikapewa kazi ya kushika majaketi ya wenzangu. Raba zenyewe pia sizivai, maana raba ikivaliwa hukunjamana penye vidole, na raba iliyokunjamana, kwetu sisi tunaojua, ni maiti.

Anayecheza ni Panzi. Yumo kwenye timu ya mtaa, ya wasichana walio chini ya miaka kumi na sita, na jina hilo alipewa na Kocha kwa jinsi anavyoruka. Kocha ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni na viatu vya turubai ambavyo sitavieleza hapa kwa heshima yake.

Sisi wazazi tuna desturi yetu pale uwanjani. Ukifika unatazama kwanza miguu ya mtoto wa mwenzio, kisha ndipo unamtazama mwenzio na kumsalimu. Baba Pacha, mwenye duka la vipuri vya magari, amewanunulia pacha wake jozi mbili mbili: moja ya kuvaa, moja ya kutovaa. Watoto nao wametuiga. Wanakimbia kwa visigino ili raba zisikunjamane, na wengine wamechomeka vipande vya plastiki penye vidole. Siku paa la uwanja lilipovuja, nusu ya timu ilikataa kuvuka dimbwi kwenda kuzuia goli. Kocha akatuita wazazi, akatuambia hesabu yake ni nyepesi: asiyekunja kiatu haruki, na asiyeruka hafungi. Tukampigia makofi, kisha tukapiga picha ya timu. Ipo hadi leo ofisini kwake, jozi kumi na mbili za raba zimepangwa vizuri. Nyuso hazikuingia.

Mtanishangaa kwamba timu ya namna hiyo ilifika fainali. Ilifika kwa sababu ya Panzi, ambaye alikuwa akicheza na raba nyeusi za kawaida, zilizopigwa gundi mara mbili na fundi viatu anayekaa mbele ya duka letu la dawa. Habari kwamba ni Panzi aliyetufikisha pale niliipata kwa watu. Mechi zote nilihudhuria, sikukosa hata moja, ila macho yangu yalikuwa chini.

Wiki ya fainali Panzi alinikuta mezani nasugua soli ya namba kumi na saba kwa mswaki. Akavuta kiti, akakaa.

"Baba, hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Mwezi ujao natimiza kumi na sita, natoka kwenye timu. Nataka uje uniangalie. Mimi, siyo miguu."

Nikamwambia bila shaka, mwanangu, nani mwingine nitamwangalia. Mke wangu alikuwa anapanga vikombe kabatini. Akasema bila kugeuka kwamba mwenye macho haambiwi tazama, isipokuwa huyu.

Na kweli nilikusudia. Lakini kesho yake Baba Pacha alipita dukani kuchukua dawa ya mafua, akaniuliza mbele ya wateja ilikuwaje binti wa Profesa wa Raba aende fainali na viatu vya gundi. Neno hilo lilinichoma. Nilishinda siku nzima nimevimba, nikimpa kila mteja maelekezo makali kuliko kawaida. Kabla ya kufunga duka nilikuwa nimeamua: Panzi atavaa Malkia.

Malkia ni namba moja. Nyeupe, mstari mwekundu pembeni, soli nene laini. Ilitoka madukani siku ileile aliyozaliwa Panzi, na mimi huwaambia watu kwamba niliinunua kumkaribisha mwanangu duniani. Mke wangu hueleza vingine. Husema alinituma nje ya hospitali nikalete khanga na chupa ya chai, nikarudi baada ya saa saba na boksi kifuani, mtoto ameshaoshwa, ameshanyonya na amelala. Foleni ilikuwa ndefu, nami sikujua kama hospitali ile ingeharakisha namna hiyo. Tangu siku hiyo Malkia haikuwahi kugusa ardhi. Na sasa, kwa bahati, mguu wa Panzi ulikuwa umefika arobaini na mbili, sawa na wangu.

Niliipeleka kwa fundi viatu abadilishe kamba tu. Akaiminya soli kwa kidole gumba, akaiminya tena, akanitazama.

"Mzee, hii imelala mno," akasema. "Soli za namna hii zikikaa bila kutembea hufa zenyewe. Usimvalishe mtoto."

Nikamweleza kwa upole habari za unyevu, nyuzi joto na vipakiti vyangu. Nikamkumbusha kwamba yeye kazi yake ni gundi. Watu wanakuja kwangu na chupa za dawa za mwaka juzi, nami huwaonyesha tarehe kwa kidole na kuwauliza kama hawajui kusoma. Haikunijia hata kidogo kwamba na raba huisha muda wake. Fundi akanirudishia Malkia, akaendelea na kazi yake.

Panzi hakuifurahia. Aliipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa watu, akauliza kama ni lazima. Nikamwambia ni heshima. Nikampa na masharti: asiburute mguu, asikunje vidole, asiruke pasipo na sababu. Akaitikia, "Sawa, Baba." Ni mtoto mtiifu, na siku ile utii wake ulikaribia kutuponza.

Robo mbili za mwanzo Panzi alicheza kama aliyefungwa bandeji ngumu miguu yote miwili. Mpira wa juu ulimpita, naye akausindikiza kwa macho. Wapinzani wetu, waliokuwa na viatu vya kila rangi na kila ukoo, walikuwa wanaruka tu. Tukaachwa pointi kumi na moja. Mimi nilikuwa mstari wa mbele nimejaa furaha, maana wazazi wote, hata wa upande wa pili, walikuwa wakiipiga picha Malkia. Baba Pacha alinishika bega, akasema ameshindwa. Nilijiona mtu.

Mwanzoni mwa robo ya tatu Kocha alimvuta Panzi pembeni, akamnong'oneza jambo. Sijui alimwambia nini. Mpira ulipopigwa, ukagonga ubao na kurudi, Panzi akaruka. Aliruka hasa, mpaka watu wakavuta pumzi, akaudaka, akatua.

Malkia ikapasuka. Sisemi ilichanika. Soli ilimeguka vipande vipande kama mkate wa juzi, ikatapakaa sakafuni, na Panzi akabaki amesimama na ngozi nyeupe tupu imemzunguka miguu. Mwamuzi akapuliza filimbi. Mtu akaagiza ufagio.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu la Panzi lilikuwa zima, kwa bahati. Alienda kwenye benchi, akafungua mkoba wake, akatoa raba zake nyeusi za gundi. Alikuja nazo. Baadaye niliambiwa fundi ndiye aliyemshauri, tena akamwongezea gundi asubuhi ile bila kumdai kitu.

Mimi nilikuwa nimeshapata mfuko wa plastiki. Nilipiga magoti pembeni ya uwanja nikaanza kuokota. Msinicheke. Miaka kumi na sita si mchezo, na niliogopa ufagio. Kufikia robo ya mwisho nilikuwa nimepata karibu vyote isipokuwa kipande cha kisigino cha kushoto chenye alama ya toleo, ambacho kilikuwa kimeteleza hadi chini ya viti vya watazamaji. Nikakifuata huko, kichwa chini, nikipita katikati ya miguu ya watu. Juu yangu nilisikia kelele zinapanda, watu wanapiga miguu, jina la mwanangu linaitwa na sauti nisizozijua. Nilijiambia nikikipata tu natoka. Nilikigusa kwa ncha ya kidole. Kikasagika.

Hapo uwanja ukalipuka. Viti vilitikisika, mtu akanikanyaga mkono akishangilia. Nilipotoka chini ya viti, nikiwa bado nimepiga magoti, mechi ilikuwa imekwisha na timu nzima iko chini imekumbatiana, raba zote zimekunjamana vibaya sana, na hakuna aliyejali. Baba Pacha alikuwa analia waziwazi. Akaniambia hajawahi kuona kitu kama kile maishani mwake, Panzi kufunga sekunde ya mwisho, kutoka katikati ya watu watatu, akauliza kama nimekiona.

Mke wangu alikuwa ameketi palepale nilipomwacha. Alinitazama mara moja, akatazama pembeni. Nikakumbuka chupa ya chai na khanga, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu ya foleni ile.

Panzi akaja anakimbia, jasho linamtiririka, raba nyeusi zinalia sakafuni. Akasimama mbele yangu. Aliuona mfuko, akaona na magoti yangu yaliyojaa vumbi.

Ningeweza kudanganya. Baba Pacha alikuwa ameshanipa maelezo yote niliyohitaji.

"Sikuona, mwanangu," nikasema. "Nisamehe. Sikuona."

"Najua, Baba," akasema. "Nilipokuwa narusha, mimi nilikuwa nakuona wewe, kule chini ya viti."

Kisha akanipa mkono, akaniinua.