Mbio za Kila Asubuhi za Kiberenge

Uvumi ulimganda fundi cherehani kama uzi kwenye sketi: binti wa msusi jirani yake anakimbizwa mbio fupi za kasi kila siku, asubuhi na jioni, ndiyo maana anawaacha mabeki wameduwaa. Na Jumamosi ndiyo siku ya kuchagua timu ya vijana. Nafasi ya winga imebaki moja.

"Kocha kasema mara mbili kwa wiki, mama," alilalama bintiye, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiberenge kwa mbio zake. "Siku nyingine miguu ipumzike."

"Ipumzike? Imeajiriwa wapi? Huyo kocha anawaficha siri. Vaa viatu!"

Basi Kiberenge akawa anachomoka kutoka mlango wa chumba cha kushonea hadi getini, mama kasimama na futi ya kupimia nguo shingoni, pini mdomoni, akimhimiza kwa kupiga makofi. Alfajiri mbio, jioni mbio, na siku za kocha, mbio juu ya mbio. Kufikia Alhamisi mtoto alishuka ngazi kinyumenyume, kashika mapaja.

"Hapo ndipo mazoezi yanaingia," alisema mama, ingawa moyo ulimwenda mbio kuliko mtoto.

Jumamosi kocha akapuliza filimbi. Kiberenge akachomoka, hatua chache tu, akashika nyuma ya paja na kukaa chini kwenye nyasi. Alipobebwa hadi benchi, alimkuta binti wa msusi keshafika, barafu pajani.

Fundi akamvaa msusi. "Shoga, mbio zako za kila siku zimeniponza!"

"Zangu?" Msusi alitoa macho. "Si nimeiga kwako! Kila asubuhi wako anapita saluni kwangu mbio, kama kaiba!"

"Yule huwa kachelewa shule!"

Nyuma yao, nafasi ya winga ilikwenda kwa msichana aliyekuja anapiga miayo.

"Jana kafanya mazoezi gani?" fundi alimuuliza bibi wa msichana huyo.

"Kalala."

Mzazi mwenzangu, epuka haya:

Kumkimbiza mtoto mbio za kasi kila siku.
Kuongeza mazoezi nyumbani bila kumwambia kocha.
Kumwita mvivu mtoto anayesema paja linauma.
Kumwiga jirani kabla ya kumuuliza.
Kuchelewa kumwamsha mtoto wa shule, hasa kama njia yake inapita saluni.