Ahsante ya Doña Hortensia

Crescencio Benítez alikuwa ametengenezea nusu ya mji wa Luque, Paraguay, meno ya bandia, na kwa vifaa vilevile, kazi zikiisha, alitengeneza ndege ndogo za mfano. Wala si ndege zozote tu. Alitengeneza za vita vya Chaco peke yake, vile ambamo Paraguay na Bolivia ziligombania pori lisilo na maji, na ambavyo huko nje hakuna anayevikumbuka. Ndege hizo huzipati dukani kwenye boksi. Kwa hiyo alizichonga kwa nta, akazimimina kwa plastiki ya ufizi wa bandia, zikatoka na mabawa yao ya ghorofa mbili, kila moja si kubwa kuliko kiganja. Nyaya za kushikilia mabawa alizifunga kwa unywele wa bintiye Zunilda, mmoja mmoja, kwa koleo la kung'olea vipande vya meno.

"Baba, nikipata kipara nitajua pa kwenda kudai," Zunilda alizoea kumwambia.

Rafu ya juu ilikuwa na ndege kumi na moja, zote za Paraguay. Ya chini, ya Bolivia, ilikuwa tupu. Majirani walidhani ni uzalendo, naye aliwaacha wadhani hivyo.

Ukweli ulikuwa mwingine. Baba yake, Anastasio, alikuwa fundi wa ndege vitani. Siku moja alitumwa akaitazame ndege ya Bolivia iliyoanguka, aina ya Osprey, namba 84 mkiani. Alimkuta rubani chini ya bawa, mguu umevunjika, yu hai, anaomba maji. Anastasio alikuwa na nusu chupa kiunoni na mwendo wa saa tano kurudi kambini, jua likiwaka. Akasema hana. Akaahidi kurudi na wenzake, na alirudi kweli, kesho yake, akamkuta amekufa. Habari hiyo alimsimulia mwanawe mara moja tu, akiwa amekwisha kula chumvi nyingi, na alilia mpaka ikabidi ashikwe. Crescencio alikuwa ameanza kuitengeneza namba 84 mara tatu. Kila alipofika mkiani aliweka koleo chini, akaacha.

Kwa miaka sita alikuwa akiandikiana na mtengenezaji mwenzake wa La Paz, Bolivia, mwalimu mstaafu wa jiografia, Hortensia Quisbert. Walianza kwa kugombana juu ya rangi ya kijani, wakaishia kuulizana hali za magoti. Mwaka wa tatu mama huyo alituma picha. Huyu ni babu yangu, aliandika, Luteni Saúl Quisbert, hakurudi, na hatukuambiwa alikufaje. Nyuma ya Luteni ilionekana ndege, na mkiani namba 84.

Tangu siku hiyo Crescencio alijibu kila kitu isipokuwa hilo. Sasa mama huyo alikuwa anakuja, na safari hii ilibidi aseme. Ila kabla hajasema, alitaka mjukuu wa yule rubani anywe maji kutoka mkononi mwa mwana wa Anastasio, anywe mpaka akinai. Ulikuwa mpango wa kitoto kwa mtu wa umri wake, lakini hakuwa na mwingine.

Doña Hortensia alifika saa nane mchana, Januari, na joto la kuyeyusha nta. Alikuwa mfupi, kofia kichwani, boksi la viatu kalikumbatia.

"Ndege yangu imepanda ndege," alisema. "Na hawakuiuliza hata pasipoti."

"Karibu, Doña Hortensia. Kaa hapa chini ya mzabibu, jua la leo halina adabu."

Alikwisha andaa tereré, chai yao ya maji baridi: majani ndani ya pembe ya ng'ombe, mrija wa chuma, jagi la maji limejaa barafu.

"Ndiyo hii uliyoniandikia kurasa tatu?"

"Nne."

Alijimiminia kwanza, kama desturi, kisha akamimina ya mgeni. Doña Hortensia alivuta mpaka mrija ukakoroma, akafumba macho kwa raha, akarudisha pembe kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, Don Crescencio."

Uso ulimshuka Crescencio. Luque nzima inajua kwamba anayerudisha pembe kimya anangoja zamu yake. Anayesema ahsante amemaliza, hataki tena, na kumlazimisha ni kumkosea heshima. Pembe moja tu! Katika kurasa zake nne Crescencio alikuwa ameeleza majani, barafu, mpaka jinsi ya kuchagua pembe, lakini la ahsante hakuliandika, kwa kuwa hakuna anayekumbuka kueleza jambo alilolelewa nalo. Wala sasa hilo halikumjia akilini. Kilichomjia ni kwamba mama huyu kwa namna fulani amejua, na damu yake imekataa maji yao.

Akajimiminia, akanywa. Akajimiminia tena. Hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Mgeni aliifuata pembe kwa macho ikienda na kurudi, akajipepea kwa kofia, akauliza habari za rafu ya juu ya ndege, akajibiwa neno moja moja. Boksi la viatu lilibaki limefungwa. Nusu saa ikapita hivyo.

"Nafikiri nirudi hotelini," hatimaye alisema, sauti imemkauka. "Nimekuchosha."

Hapo ndipo Zunilda alipotoka jikoni na sinia la chipa za moto, mikate midogo ya jibini. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Baba, unakunywaje peke yako kama ng'ombe kisimani, na mgeni midomo imempasuka?"

"Amesema ahsante."

"Lini?"

"Ya kwanza tu."

Zunilda nusura aangushe sinia kwa kicheko. "Doña, ulimwambia ahsante?"

"Nilimwambia. Mama yangu alinifunza adabu."

"Basi hapa adabu hiyo imekufungia bomba! Hapa ahsante maana yake usinipe tena."

Doña Hortensia alishika shavu. "Yesu wangu! Nami nakaa hapa nakauka, nasema moyoni…" Akasita. "Nasema, kumbe mtu wa Bolivia bado hapewi maji."

Alilisema kwa mzaha. Crescencio hakucheka. Aliweka pembe chini, akaondoa miwani, na hapohapo, bila kupanga tena, akamweleza yote: bawa, mguu, nusu chupa, neno alilosema baba yake. Alipomaliza alikuwa analia, na hakujificha.

Doña Hortensia alilivuta boksi la viatu. Kisha akalifungua, akaitoa ndege yake, namba 84 mkiani, na kuiweka mezani kati yao.

"Aliomba mara ngapi?"

"Mara mbili. Baba alisema mara mbili."

"Na baba yako alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na moja."

Akatikisa kichwa polepole, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. "Nimefundisha watoto wakubwa kama hao," alisema. "Watoto watupu."

Akanyoosha mkono. "Mimina, Don Crescencio."

Akamimina. Mama huyo akanywa mpaka mrija ukakoroma, akairudisha pembe bila neno. Akamimina tena, naye akanywa, akairudisha kimya, akangoja. Jagi likaisha, Zunilda akaenda kulijaza, na aliporudi Doña Hortensia alikuwa bado hajasema ahsante.